Kivu na Ituri: jina la mwombaji kazi linatafutwa mtandaoni kabla hajaitwa kwa mahojiano

Kwa mtu anayetafuta kazi Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, faili ni ile ile ya siku zote: barua ya kuomba kazi, sivi, nakala ya diploma, kadi ya ONEM, na majina ya watu wawili ao watatu wanaoweza kumshuhudia. Lakini kuna karatasi moja ambayo mara nyingi haombwi kuileta, na ambayo mwajiri anaisoma hata hivyo: ukurasa wake wa mtandaoni. Anayechambua faili anaandika jina la mwombaji kwenye Google, anafungua LinkedIn, mara nyingine anapitia Facebook, na kwa dakika chache anajijengea picha ya mtu ambaye hawajawahi kuonana.

Picha hiyo inaweza kumfungulia mtu mlango. Inaweza pia kumfungia bila yeye kujua, kwa sababu hakuna barua inayokuja kumweleza kwamba tarehe ya kwenye profili yake haikulingana na ile ya kwenye sivi. Na tangu mwaka 2025, hapa mashariki mwa Congo, jambo hili limekuwa zito zaidi. Ofisi nyingi ambazo zingeweza kuthibitisha kazi ya mtu zimefungwa. Kwa wengi, profili imebaki kuwa alama ya mwisho inayoonekana ya miaka waliyotumikia.

Swali ni hili: ukurasa ambao mtu amejiandikia mwenyewe unaweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Ukurasa usiokuwa na mhuri

LinkedIn ilifunguliwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 26.2, na mwezi wa kumi na moja 2023 ilitangaza kwamba imefikisha watu bilioni moja walioandikishwa. Kwa mwajiri, faida yake inaeleweka. Anaweza kumtafuta mhasibu, mwanasheria ao mtu wa lojistiki bila kungoja faili zije, na kuona watu hao wamepita wapi.

Lakini profili haina mhuri wala saini ya mkubwa wa kazi. Mtu akiandika kwamba alikuwa msimamizi wa mradi katika shirika fulani, shirika hilo haliulizwi kwanza kama ni kweli. Zile alama za ujuzi zilizoletwa mwaka 2012, ambazo rafiki anazitoa kwa kubonyeza mara moja, hazina uzito mkubwa kwa sababu aliyebonyeza hakulazimika kueleza alichokiona. Tangu mwaka 2023 LinkedIn ilianza kutoa alama za uhakikisho. Njia moja ya kuipata ni kupokea ujumbe kwenye anwani ya barua pepe ya kazini. Hilo linasaidia aliye na kazi sasa. Aliyepoteza kazi amepoteza pia anwani hiyo.

Je, watu wanadanganya zaidi mtandaoni kuliko kwenye karatasi? Mwaka 2012 watafiti Jamie Guillory na Jeffrey Hancock wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walijaribu kupima. Waliwaomba wanafunzi 119 watengeneze maelezo yao ya kuombea kazi. Kundi moja liliandika sivi ya kawaida, lingine profili ya LinkedIn isiyoonekana na wengine, na la tatu profili ya LinkedIn iliyo wazi kwa wote. Kwa jumla, makundi yote yalidanganya karibu sawa. Tofauti ilikuwa katika kile walichodanganya juu yake. Wenye profili ya wazi walidanganya kidogo zaidi kuliko wengine juu ya kazi walizofanya na madaraka waliyokuwa nayo, lakini walizidisha juu ya mambo wanayoyapenda na namna wanavyopitisha muda wao.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Aliyesema alikuwa mkubwa wa stoo anajua kwamba wenzake wa stoo ile wanaweza kusoma. Aliyesema anapenda kusoma vitabu hana wa kumpinga. Kwa hiyo neno kwenye profili linapata uzito pale tu kuna mtu anayeweza kulikanusha. Mwajiri anayejua kazi yake anatafuta kwanza ni nani angeweza kusema hapana. Profili iliyopangwa vizuri inakuja nyuma ya hilo.

Hata kampuni kubwa zinakamatwa. Mwaka 2012, Scott Thompson aliacha uongozi wa Yahoo baada ya miezi minne hivi, kwa sababu maelezo yake rasmi yalisema ana diploma ya uhasibu na ya sayansi ya kompyuta, wakati alikuwa na ile ya uhasibu peke yake. Maelezo hayo yalikuwa wazi kwa watu wote. Aliyeyagundua ni mwekezaji mmoja aliyechukua muda wa kulinganisha.

Mwajiri analinganisha nini

Jambo la kwanza ni tarehe. Sivi inasema kazi ilianza mwezi wa tatu 2019, profili inasema mwezi wa kwanza 2018, na hati ya kazi inasema mwezi wa sita 2019. Labda mwombaji alihesabu miezi yake ya staji, labda alisahau kurekebisha ukurasa alioufungua miaka mingi iliyopita. Lakini anayesoma faili mia moja hana muda wa kukisia. Anaweka faili pembeni.

La pili ni cheo. Katika mashirika ya misaada vyeo ni vingi, na vinabadilika toka shirika moja kwenda lingine. Mtu aliyeitwa msimamizi mahali fulani aliongoza watu arobaini. Mahali pengine aliongoza wawili. Ndiyo maana mwajiri anaangalia zaidi maelezo yaliyo chini ya cheo: magari mangapi, stoo ya ukubwa gani, watu wangapi, bajeti ya kiasi gani, katika teritware gani.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 huko Mangina na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Vijana wengi wa Beni, Butembo na Mambasa walipata kazi za muda: kunawisha watu mikono na kuwapima joto, kusaidia maziko salama, kuelimisha wakaaji, kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Anayeandika leo kwenye profili yake kwamba alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko anajiweka hatarini bure. Swali moja la mahojiano linatosha kumwangusha. Anayeandika kwamba alikuwa akitembelea kila siku familia zilizogusana na wagonjwa, kwa muda wa siku 21 zilizowekwa, na kuandika ripoti kila jioni, anasema jambo dogo zaidi lakini linaloaminika. Aliyefanya kazi hiyo anaijua siku ya 21. Aliyeinakili kwa mwenzake haijui.

La tatu ni watu wanaomzunguka. Mtu aliyefanya kazi miaka mitano katika shirika na ambaye hana mwenzake hata mmoja wa shirika hilo kwenye ukurasa wake anazusha maswali. Barua fupi iliyoandikwa na mkubwa wake wa zamani, yenye jina lake na maelezo ya kazi waliyofanya pamoja, ina uzito kuliko alama hamsini za kubonyeza.

Mtego wa neno licence

Kuna kosa moja ambalo si uongo lakini linasomwa kama uongo, na linawapata Wacongomani zaidi kuliko wengine. Ni majina ya diploma.

Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka mitatu akapata gradua, kisha miaka mingine miwili akapata licence. Licence ya zamani ilikuwa kwa hiyo miaka mitano baada ya diploma ya serikali. Katika mfumo wa LMD, uliowekwa katika sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 na kuenezwa katika vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka mitatu, na master ni miwili juu yake.

Kwa hiyo leo watu wawili wanaweza kuandika neno hilo hilo kwenye profili zao, mmoja akiwa na miaka mitano ya chuo kikuu na mwingine mitatu. Mwajiri wa Nairobi, Dakar ao Geneva ambaye hajui historia hii anawapima kwa kipimo kimoja. Mambo yanazidi kuharibika pale mtu wa gradua anapotafsiri diploma yake kwa Kiingereza kwa kufuata sauti ya neno. Kwa Kiingereza, neno linalofanana na gradué linamaanisha mtu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu, na aliyeliandika bila ubaya wowote anaonekana kama aliyejipandisha.

Dawa yake ni rahisi: kuandika jina la diploma kama lilivyo kwenye karatasi, jina la chuo, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, hesabu ya miaka ya masomo, na kama ni mfumo wa zamani ao LMD. Aliyesoma bila kumaliza aandike hivyo pia: masomo ya miaka fulani mpaka fulani, bila diploma. Mwajiri anayekuta hilo limeandikwa waziwazi hana la kumshitaki mwombaji.

Ofisi zinapofungwa

Kulinganisha kote huku kunategemea jambo moja: kwamba upande wa pili kuna mtu wa kujibu. Hapo ndipo mashariki mwa Congo panatofautiana na kwingine.

MONUSCO ilimaliza kazi zake Kivu Kusini mwezi wa sita 2024, na wafanyakazi wa hapa waliokuwa wakiitumikia waliachwa. Mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Marekani, ambayo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini, ilisimamisha pesa zake za misaada ya nje. Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka huo huo shirika lake la USAID likaacha kuendesha miradi. Katikati ya hayo, M23 iliteka Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Mabenki yalifunga, mashirika mengine yakahamisha ofisi, mengine yakafunga kabisa. Wakaaji wengi walikimbia, kila mmoja na alichoweza kubeba, na diploma si kila mara kitu cha kwanza ambacho mtu anakumbuka kuweka ndani ya mfuko.

Matokeo yake yanaonekana siku mwajiri anapotaka kuhakikisha. Namba ya simu ya aliyetajwa kama shahidi haipatikani. Barua pepe inarudi kwa sababu anwani za mradi zilizimwa. Kwa mwajiri aliyekaa Kinshasa ao nje ya nchi, ukimya huo unafanana na ule wa mtu aliyetaja ofisi ambayo haijawahi kuwepo. Mwombaji mkweli na mwongo wanaishia kwenye lundo moja.

Kuna pia wale ambao ukurasa wao ni mtupu kwa makusudi. Mtu aliyefanya kazi ya kutetea haki za binadamu, ao ya uandishi wa habari, anaweza kufuta majina ya wakubwa wake wa zamani kwa sababu za usalama. Mwajiri asiyejua hali ya hapa anaona mapengo ya miaka. Anayeijua anauliza kwanza.

Ukimya wa ofisi iliyofungwa haupaswi kuhesabiwa kama jibu baya. Kuna njia nyingine za kuhakikisha: mkataba wa kazi, karatasi za mshahara, malipo yaliyoandikishwa kwenye CNSS, na makao makuu ya shirika. Ofisi ya Goma ya shirika la kimataifa inaweza kufungwa, lakini makao yake makuu ya Ulaya ao Marekani huwa yanatunza faili za wafanyakazi.

Kuna pia haki ambayo wafanyakazi wengi hawaidai. Sheria ya kazi ya Congo, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi hati ya kazi mkataba unapomalizika, hata kama waliachana vibaya. Hati hiyo inaonyesha aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hakuna haja ya kungojea huruma ya mkubwa wa kazi ili kuipata.

Kwa nini waajiri wamekuwa wakali

Ukali wa mashirika una sababu yake, na sehemu ya sababu hiyo ilitokea hapa. Mwaka 2020 waandishi wa habari wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walifichua kwamba wanawake wa Beni waliombwa ngono ili wapate kazi wakati wa Ebola. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake tarehe 28 mwezi wa tisa 2021. Iliwatambua watu 83 walioshukiwa, 21 kati yao wakiwa waliajiriwa na shirika hilo lenyewe.

Moja ya hofu za mashirika ni mtu kufukuzwa mahali pamoja kwa kosa la namna hiyo, kisha kuajiriwa mahali pengine akiwa na sivi safi na profili nzuri. Kwa ajili ya hiyo, kuanzia mwaka 2019, mashirika mengi ya misaada yalijiunga na mpango wa kuulizana moja kwa moja: mwajiri mpya anawauliza waajiri wa miaka mitano iliyopita kama mtu huyo alikutwa na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Profili haiwezi kujibu swali hilo. Hakuna mtu anayeandika kosa lake kwenye LinkedIn. Ndiyo maana mwajiri anayeridhika na ukurasa mzuri anajidanganya mwenyewe, na anaweza kuwaletea hatari watu ambao mradi wake unapaswa kuwalinda.

Picha, jina na asili

Upande mwingine wa jambo hili hauzungumzwi sana. Profili inamwonyesha mwajiri mambo ambayo hakuyaomba: uso wa mtu, jina lake la familia, mahali alipozaliwa, kanisa analosali, marafiki zake. Katika eneo ambapo jina moja linatosha watu kukisia kabila na upande, macho hayo yanaweza kumwondoa mtu kwenye orodha bila sababu yoyote ya kazi kuandikwa popote.

Katiba ya Congo inasema katika kifungu cha 36 kwamba hakuna mtu anayepaswa kudhurika katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake ao hali yake ya maisha. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Na sheria mpya ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, imeweka kanuni juu ya kukusanya na kutumia habari za watu. Kusoma ukurasa ulio wazi si kosa. Kumhukumu mtu kwa kile ambacho ukurasa huo unafunua juu ya asili yake ni jambo lingine.

Kuna pia wale wasiokuwa na ukurasa kabisa. Muuguzi aliyefanya miaka kumi katika kituo cha afya cha Walikale, Shabunda ao Fizi, mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kupanda mlima, hana profili ya kuonyesha. Kijana wa mjini mwenye simu nzuri, picha ya suti na miezi mitatu ya staji anayo. Mwajiri anayepanga waombaji kwa uzuri wa profili anapima uwezo wa kujieleza mtandaoni. Kwa kazi ya mawasiliano hilo lina maana. Kwa kazi ya kuchoma sindano halina.

Kanuni tatu zinaweza kupunguza dhuluma hiyo. Ya kwanza, kuchagua faili kwanza kwa masharti yaliyotangazwa, kisha ndipo kutazama mtandao. Ya pili, kutazama mambo yale yale kwa wote: tarehe, kazi, masomo, basi. Ya tatu, kumpa mwombaji nafasi ya kueleza tofauti iliyoonekana kabla ya kumkatalia. Simu moja mara nyingi inatosha.

Anayetafuta kazi afanye nini

Kwa mwombaji, kazi ya kwanza ni kuweka sivi, profili na hati za kazi mezani pamoja na kuzilinganisha kama mwajiri atakavyofanya. Tarehe ziwe sawa mpaka mwezi. Staji iandikwe staji. Cheo kiwe kile kilicho kwenye mkataba, na chini yake kazi iliyofanywa kwa hesabu na mahali. Kama ofisi ilifungwa, iandikwe hivyo, pamoja na mwaka ilipofungwa na mahali ambapo makao makuu yanapatikana.

La pili ni kuwatafuta mashahidi wakati bado wanapatikana, kuwaomba namba mpya na ruhusa ya kutajwa, na kama wanakubali, mistari michache ya ushuhuda kwenye ukurasa. La tatu ni kupiga picha diploma na hati zote na kuzitunza mahali ambapo hazitapotea pamoja na simu. Nakala hizo zisiwekwe wazi mtandaoni, wala namba ya kitambulisho, wala anwani ya nyumba: matapeli wanaotangaza kazi za uongo wanaishi kwa habari hizo. Umoja wa Mataifa, kwa upande wake, umesema wazi kwamba hautozi malipo yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri.

Na kwa wale ambao miradi yao ilisimama mwaka 2025, la haraka kuliko yote ni hati ya kazi. Watu wa makao makuu waliosimamia miradi hiyo nao wanabadilisha kazi, na kila mwezi unaopita unapunguza idadi ya wanaokumbuka nani alifanya nini Rutshuru, Kalehe ao Djugu. Barua pepe moja ya kuomba hati hiyo, yenye jina kamili, namba ya mkataba, mahali pa kazi na tarehe, inaweza kuandikwa leo.